Njama ya Kwenda Al-Ula

Mimi na mke wangu tuliishi Saudia miaka mitatu bila kuketi pamoja hata dakika moja. Yeye alikuwa mfanyakazi wa ndani Jeddah, mimi dereva wa familia Riyadh, na kati yetu kulikuwa na karibu kilomita elfu moja za lami na mchanga. Lakini umbali haukuwa shida. Shida ilikuwa fomu. Wakala aliyetupeleka alituambia tuandike kwamba hatujaoana. "Waajiri hawataki mke na mume," alisema. "Mmoja akitoroka wanajua na wa pili yuko njiani." Tukaandika, tukatia sahihi, tukapanda ndege tofauti. Kwa hiyo bosi wangu alijua ana dereva kapera, na madam wa mke wangu alijua ana msichana asiye na mume. Watoto wetu wawili walikuwa Voi kwa mama mkwe, na wao walijua vizuri sana kwamba wana baba na mama.

Sasa, mimi ni mtu wa mipango. Mke wangu husema ni mtu wa maneno, lakini tuachane na hayo. Siku moja akaniambia kwa simu kwamba madam wake haishi kuitaja Al-Ula. Ni mji mdogo wa jangwani, mbali na kila kitu, katikati ya majabali mekundu. Miaka ile wasanii walikuwa wameanza kupeleka kazi zao huko na kuzisimamisha mchangani, na watu wa mijini wakawa wanazifuata. Madam yule alikuwa ameshaamua: likizo ya shule ikianza tu, familia nzima ingeondoka Jeddah kwa njia ya Yanbu, na mke wangu ndani ya gari kuwaangalia watoto.

"Kwani bosi wako yeye haendi?" akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Bosi wangu hakuwa na haja na Al-Ula. Kwake wikendi ilikuwa kashta, yaani kutandika zulia jangwani nje ya Riyadh, kuwasha moto, kunywa kahawa na kurudi nyumbani kabla watoto hawajaanza kugombana. Tena alisema wazee wao walikuwa wakipita Al-Ula haraka haraka bila kushuka, eti yale makaburi ya kale yaliyochongwa kwenye majabali si mahali pa kukaa. Nikaona huyu hawezi kuingiwa kwa mlango wa mbele. Lakini alikuwa na binti anayesomea uchoraji chuo kikuu, na aliyekuwa akimpeleka chuoni kila asubuhi ni nani? Ni mimi.

Nilianza polepole. Jumapili nikamuuliza kama ni kweli kuna mji ambako picha hutundikwa juu ya mlima. Akacheka, akasema si hivyo, akanisomea habari zake tangu nyumbani hadi lango la chuo. Jumatatu nikamwambia sikuelewa vizuri, hebu anieleze tena. Kufikia Alhamisi binti alikuwa haongei kitu kingine mezani, na mama yake naye akawa anauliza huko kuna hoteli gani. Mimi niko nje nafuta vioo, sijui lolote.

Ijumaa nikateremka Batha, pale madereva wa Kenya na Uganda hukutana kunywa chai ya maziwa. Nikawaambia nataka njia ya Al-Ula. Mganda mmoja aliyewahi kwenda huko akanichorea kwenye kifuniko cha boksi la tende: Buraida, Hail, kisha kushoto, mwendo wa saa kumi na moja kama hulali. Akanitajia vituo vya mafuta vyenye choo kisafi na sehemu ambako ngamia huvuka barabara bila kuangalia. Nikanunua kamba, nikanunua kifuniko kipya cha birika, nikapima upepo wa tairi mara mbili.



Jioni nikamkuta bosi uani, nikaimwaga hotuba yangu yote. Nikasifu lami. Nikasifu vituo. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimenogewa, nikasema safari yenyewe ni saa kumi na moja tu. Bosi akanitazama.

"Kumi na moja?"

"Lakini barabara ni nzuri, bosi."

"Halas, basi. Tutapanda ndege."

Jamani! Wiki nzima ya kazi, na nimejipangia kubaki Riyadh nikilinda gereji. Nikarudi kufuta kioo kilichokwisha takata. Bosi alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. "Wewe tangulia na gari na mizigo. Ondoka Alhamisi asubuhi, siku shule zinapofungwa, utupokee uwanja wa ndege Ijumaa." Nikasema sawa bosi, taratibu kabisa, nikaingia chumbani kwangu nikacheza peke yangu mpaka kitanda kikahama.

Mpango niliompa mke wangu ulikuwa na masharti. Tungekutana Ijumaa alasiri kwenye lile jiwe maarufu linalofanana na ndovu, maana kila familia lazima ipite hapo. Tusisalimiane. Tusisogeleane chini ya hatua kumi. Mwanamume na mwanamke wasio na karatasi ya ndoa hawawezi kukaa pamoja hadharani, na sisi karatasi zetu zilisema hatujuani; mmoja akiulizwa, wote wawili tungerudishwa nyumbani, na karo ya watoto ingeishia hapo. Tungetazamana tu, basi. Mimi ningeshukuru kwa hilo.

"Sawa, baba watoto," akasema.

Alikubali haraka mno. Mwanamke huyu hajawahi kukubali jambo langu kabla ya kulipindua mara tatu, na mimi mjinga nikafurahi.

Niliendesha siku nzima nikiimba. Gari lilijaa mazulia, kuni, mito ya kuegemea, birika la kahawa na masufuria ya kulisha harusi. Nilikuwa sijawahi kuendesha barabara ndefu hivyo bila mtu kiti cha nyuma kuniambia yalla, twende haraka. Nilifika majabali yakiwa yamegeuka rangi ya matofali, na baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Mimi kichwani mwangu jangwa ni joto, nilibeba shati la mikono mifupi. Nililala ndani ya gari nimejifunika zulia la bosi.

Ijumaa nikawapokea, nikawapeleka kwenye sanaa. Kulikuwa na milango sita mitupu imesimama mchangani, haina ukuta wala nyumba. Binti aliizunguka akitabasamu, akigusa fremu moja baada ya nyingine. Bosi alisimama mbele ya mmoja, mikono nyuma.

"Huu unaingia wapi?"

"Mafi, bosi, hakuna. Hauingii popote."

Akaufikiria, kisha akapita katikati yake, akarudi, akapita tena. Nadhani aliupenda.

Alasiri tukafika kwenye jiwe. Na kweli ni ndovu, mkonga mpaka chini. Nikatandika zulia, nikawasha moto, nikamimina kahawa, macho yangu yakizunguka kila familia. Wanawake wote wamevaa abaya nyeusi. Nilimjua kwa jinsi alivyombeba mtoto wa watu kiunoni huku amejipinda kidogo upande wa kushoto, kama alivyowabeba wetu.  Nikahesabu hatua kumi, nikasimama, nikajifanya naangalia ndovu.

Yeye hakusimama. Alikuja moja kwa moja hadi akawa mbele yangu.

"Hili angalau halijala mahindi ya mtu," akasema Kiswahili, akilitazama jiwe. Shamba letu Voi ndovu walilimaliza mara mbili.

"Mama watoto, rudi nyuma. Watakuona."

"Wameshaniona. Nimemwambia madam."

"Umemwambia nini?"

"Ukweli. Tulipofika Yanbu nikamwambia mume wangu ni dereva Riyadh, nitamwona leo. Akauliza kwa nini sikusema siku zote. Nikamwambia wakala. Akamtukana wakala mpaka tukafika."

Hapo hapo madam wake akaniita kwa mkono kutoka kwenye zulia lao. Nikaenda. Hakunihoji. Alikuwa na sinia la wali na nyama, akalisukuma pembeni mwa zulia, akasema, "Kaa ule na mkeo." Tukakaa. Miaka mitatu nilikuwa nakula peke yangu chumbani kando ya gereji, na sasa mke wangu ananichambulia mfupa na kunisogezea minofu upande wangu.  Tuliongea upuuzi mtupu, jino la mtoto, mbuzi wa jirani, na shati langu la mikono mifupi, ambalo alilicheka mpaka akakohoa.

Nilipoinua macho, bosi alikuwa ananiangalia kutoka kwenye zulia letu.

Nikanyanyuka nikaenda. Nilishajua: mchezo umeisha, nitapakia virago.

"Yule ni nani?" akauliza.

"Mke wangu, bosi. Miaka tisa sasa."

"Anafanya kazi wapi?"

Nikamtajia Jeddah, nikamtajia mtaa. Bosi akaweka kikombe chini.

"Huo ni mtaa wa dada yangu. Ramadhani tulikaa pale siku kumi."

"Ndiyo, bosi. Yeye yuko nyumba ya nne kutoka kwa dada yako."

Sikumwambia kwamba siku zile kumi nilikuwa nikitoa takataka mara tano kwa siku, na kwamba mke wangu alinipungia kitambaa cha vyombo dirishani, na huo ndio ulikuwa mfungo wetu. Lakini nadhani alikuwa akiyahesabu mwenyewe, maana alimtazama mke wangu, kisha mimi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, bosi."

Alichochea moto kwa kijiti. Binti yake akamwambia neno kwa Kiarabu, taratibu, nisilolielewa.

"Wale wanaondoka lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Sisi tunaruka kesho," akasema, bado akiangalia moto. "Gari silihitaji kabla ya Jumanne."

Nilirudi kwa mke wangu nikamwambia tuna siku mbili. Akaketi palepale mchangani akalia, nami nikaketi ubavuni mwake nikalia, na watu wakapita na mazulia yao begani bila kutuuliza kitu.