Nyigu wa Nyabiseke

Harufu ya shamba la pamba haifanani na harufu ya nguo. Ukisugua jani lake asubuhi kabla umande haujakauka, linaacha kidoleni ukali kidogo, na ukali huo hautoki hadi jioni unapomega ugali. Msimu ninaousimulia niliishi ndani ya harufu hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ulikuwa umepita mwaka mmoja tangu Operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vipya ituondoe nyumbani kwetu Nyabiseke, mlimani upande wa Bunda, na kutupanga mistari miwili kando ya barabara katika kijiji kipya kilichoitwa Juhudi. Nyumba za kule zilikuwa zimeezuliwa, na katibu wa kijiji alitangaza mkutanoni kwamba atakayerudi kulima huko atang'olewa alichopanda. Mama alisikiliza tangazo hilo kwa adabu zote, akapiga makofi na wenzake, na kesho yake alfajiri akachukua jembe akarudi kulima. Shamba alilopewa Juhudi lilikuwa changarawe tupu, naye alisema hawezi kulisha watoto changarawe.

Katika pamba hiyo aliyoilima kwa kuibia ndipo nilipowajua nyigu. Sisemi wale wakubwa wanaojenga darini na kuwauma watu. Hawa ni wadogo kuliko mbu, na hutaga mayai ndani ya mwili wa funza anayetoboa vitumba vya pamba. Mayai yakianguliwa, watoto wa nyigu humla funza taratibu kutoka ndani, yeye akiendelea kutembea, mpaka siku wanapotoboa ngozi yake na kujifunga katika vifuko vyeupe kama punje za mchele. Wanawake wa kwetu walilijua jambo hilo bila kufundishwa. Wakati wa palizi walimponda kila funza mwepesi, lakini aliyepauka na kuzubaa walimwacha juu ya jani lake.

"Huyo tulikuwaga tunamwacha," Mama alimwambia mtafiti. "Ana wageni tumboni."

Mtafiti huyo alikuwa kijana mpole kutoka kituo cha utafiti wa pamba. Alikuja Juhudi na masanduku, pini na lenzi, akitaka kuandikisha aina zote za nyigu wa namna ile, kwa sababu, alisema, pande zetu hakuna aliyewahi kuwaandikisha. Wanakijiji walimletea mende, panzi, hata nge mmoja. Mama peke yake ndiye aliyemletea alichokitaka. Tuliwafuga funza ndani ya chupa za jemu zilizofunikwa vipande vya kanga, na nyigu walipotoka, mtafiti aliwatenga chini ya lenzi, wenye mkia mrefu wa kutagia huku, wenye kiuno chembamba kule. Kila mmoja aligundishwa kwenye ncha ya karatasi, na chini yake kikawekwa kibandiko kidogo kama ukucha. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mdogo, vibandiko niliandika mimi. Mtafiti alirudia kila siku kwamba nyigu asiyejulikana alikotoka ni takataka. Basi nikaandika mahali, siku, mmea, na jina la aliyemkamata. Niliandika Nyabiseke na jina la mama yangu, mara arobaini na zaidi, nikijisikia mtu mkubwa. Haikunipitia akilini kwamba naandika ushahidi.

Sanduku halikuweza kupanda basi la Musoma bila muhuri wa katibu. Katibu hakuwa mtu mbaya. Aliwaogopa tu wakubwa wa wilaya. Alifungua kifuniko, akasoma polepole, kisha akatuita ofisini. Alisema katika daftari lake hakuna mahali panapoitwa Nyabiseke. Mtafiti akashauri tuandike Juhudi, maana ni maili nne tu na nyigu hatalalamika. Wote wakanitazama mimi niliyeshika kalamu. Pamba yetu ilibakiza wiki chache ivunwe, na sare yangu ya shule ilikuwa ndani ya pamba ile. Niliomba kwa moyo wangu wote Mama akubali.

"Ndugu Katibu," Mama alisema, "sisi mlituhamisha, tukahama. Nyigu hajahamishwa na mtu. Kazaliwa Nyabiseke, aandikwe Nyabiseke."

Katibu alimwuliza kama anaelewa anachokikiri. Mama akajibu kwamba anaelewa, kisha akanigeukia.

"Nyangeta, usibadilishe hata kimoja."

Nadhani mtafiti aliona aibu. Alikohoa, akasema njia ya mwongo ni fupi, na kwamba sanduku ama litakwenda hivyo lilivyo ama halitakwenda. Katibu akagonga muhuri kwa hasira. Kesho yake mgambo walipanda mlimani wakang'oa pamba yote, vitumba vikiwa bado vibichi. Mimi nililia. Mama alisimama akiwatazama mpaka wakamaliza, halafu akaniambia niokote funza waliopauka kabla majani hayajanyauka. Tulijaza chupa mbili zaidi, na vibandiko vyake niliviandika kama vile vya kwanza. Mwaka ule nilikwenda shule na sare iliyotiwa viraka, na sitadanganya, nilimchukia Mama. Niliona ameniuza kwa ajili ya vidudu.

Leo nimevuka miaka sitini. Lile sanduku sikuliona tena, na sijui limewekwa wapi. Nyabiseke ni vichaka na mawe ya mafiga, na vijana wa Bweri, ninakoishi sasa, nikiwatajia jina hilo wanadhani ni mtu. Wana simu zinazowaonyesha kila kona ya dunia, nami siwaonei wivu. Mwaka jana nilikwenda ofisi moja mjini Musoma kujaza fomu. Karani, binti mwenye heshima zake, aliniuliza mahali pa kuzaliwa, akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena. Akaniambia, bibi, hapo mahali hapapo kwenye orodha, nikuwekee Juhudi, ni jirani tu na hakuna atakayejua. Nikamwambia aandike kwa mkono. Akasema mfumo haukubali, na nyuma yangu kuna foleni. Nikamwambia sina haraka, nikavuta kiti, nikaketi.