Siku Kavu za Cicily

Cicily ni wifi yangu, na kama kuna mtu mwaminifu hapa Kiritiri, ni yeye. Miaka sita amesoma kipima mvua kilichosimikwa shambani kwake. Ikinyesha, saa tatu asubuhi anainama, anasoma milimita, anatuma meseji kwa ofisi ya ukame kule Embu. Halipwi. Alipewa fulana moja tu, na siku hizi anapangusia meza.

Msimu huu ndengu zilikauka zikiwa na maua. Tukangoja chakula cha msaada, orodha ikatoka, kijiji chetu hakimo. Jamani! Cicily akapanda kwenda Embu kuuliza, nami nikamfuata na haya magoti yangu mabovu.

Afisa anaitwa Nyamu, kijana mwenye adabu. Alitugeuzia kompyuta. Kwenye ramani kijiji chetu kilikuwa kijani kibichi.

"Mama, hapa inaonyesha mlipata mvua ya kutosha."

"Mvua gani, mwanangu? Njoo uone vumbi."

"Mwezi wa nne ulituma meseji siku mbili tu."

"Si ilinyesha siku mbili!"

Nyamu akajikuna kichwa. Akatueleza polepole kwamba siku isiyo na meseji, kompyuta huona ni taarifa iliyopotea. Basi huijaza yenyewe, kwa kukisia kutoka vituo vya jirani. Na jirani yetu, kwa hesabu zake, ni kule juu kwenye mashamba ya majani chai, ambako hunyesha hata mtu asipotaka.

"Ungetuma sufuri, Mama."

"Nisumbue watu ofisini kuwaambia hakuna kitu?"

Hata mimi nisingetuma. Nani huku kwetu hubisha hodi kwa jirani kumwambia leo sina habari? Nilikasirika, halafu nikachoka hata kukasirika.

"Andika sasa," Cicily akasema. "Siku ishirini na nane. Sufuri zote."

Nyamu akaandika, moja baada ya nyingine. Kijiji kikageuka kahawia mbele ya macho yetu.

"Sasa ni kweli," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini orodha imeshapitishwa. Hii ni ya msimu ujao."

Nje, Cicily alikaa kwenye ngazi. "Jirani yetu Gatakaa ana wajukuu saba pale nyumbani. Nitamwambia nini? Kwamba ni mimi?"

Nilimshika mkono, nikamwambia si kosa lake. Nyumbani kwangu ilibaki gorogoro moja ya mahindi, kilo mbili tu, na hilo sikumwambia.