Sanduku la Gia kwenye Shamba la Pamba

Sijawahi kuona mtu akipendwa kama lilivyopendwa lile sanduku la chuma. Mjerumani mwenye shamba la pamba karibu na Ifakara aliliagiza kwao, nasi tukalibeba mabegani kutoka pwani. Ndani mlikuwa na magurudumu ya meno; siku hizi vijana wanaliita giaboksi. Kazi yake ilikuwa kupunguza mbio za injini ya mvuke na kuzigeuza kuwa nguvu ya kuendesha mashine ya kushindilia pamba. Kabla ya hapo, nguvu hiyo ilikuwa kaka yangu. Yeye na wenzake walisukuma mti wa mashine ile kutwa nzima, wakizunguka, askari akiwafuata na kiboko.

Bwana aliahidi kwamba sanduku likianza kazi, wasukumaji watarudi kwao. Kaka alikuwa na mke na shamba la mpunga upande wa Malinyi, na mvua zilikuwa zinakaribia. Kwetu, mtu akikuita kwenye ujima unalima, kazi ikiisha unakunywa pombe yake, unakwenda zako. Tukadhani na huu ni ujima, ila mwenyeji mkali kidogo. Basi tukalifunga sanduku lile kwa moyo wote.

Na bwana, lazima niseme, alikuwa mpole. Kwa chuma. Tuchimbe msingi mpaka udongo mgumu, mafuriko yasije yakauyumbisha. Saruji iachwe ikauke taratibu, isibebeshwe mzigo kabla ya wakati. Shafti ya injini na ya sanduku, vile vyuma virefu vinavyozunguka, zitazamane sawasawa, zisije zikaumia. Mafuta yafike kwenye alama, yasizidi wala yasipungue. Kwanza lizunguke bila mzigo, lizoee. Mimi nilipewa kazi ya kuligusa kwa kiganja, nione kama linapata joto. Wiki hiyo kaka alikuwa na homa, na hakuna aliyemgusa ila mimi.

Sanduku likazunguka kimya, bila kutikisika. Tukasimama tukisubiri pombe. Kaka akakunja mkeka wake, akamwendea bwana kumuaga kwa adabu.

“Bwana, kazi imekwisha. Naomba niende nikalime.”

“Ndiyo, utalima,” bwana akajibu, akaamuru apewe jembe.

Maana mashine sasa ilimeza pamba upesi mno, na mikono shambani haikutosha. Wasukumaji wote wakageuzwa wakulima wa pamba, na mvua ikanyesha kule Malinyi bila mtu wa kupanda. Nilimchukia yule bwana, na sanduku lake nililipaka mafuta kila asubuhi.

Habari za maji ya dawa zilipofika bondeni, kaka alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyanywa. Alikwenda vitani, hakurudi, na ninamlilia mpaka leo. Watu huniuliza, wakijizuia kucheka, ilikuwaje mtu mzima akaamini kwamba maji yatazuia risasi. Nami huwajibu kwamba kaka yangu alikwisha kuamini jambo gumu kuliko hilo, kwamba bwana yule angemwacha aende nyumbani.