Mama Aliyenyakuliwa na Viumbe wa Angani

Mimi ni mtangazaji wa redio, na juzi nilijiaibisha. Wauza mboga watatu wa Kangemi waliniapia kwamba kuna mama alinyakuliwa na viumbe wa angani, kisha akarudishwa salama. Mashahidi watatu, nani atabisha? Nikaingia ofisini kifua mbele.

Mhariri wangu, Mueni, aliniuliza tu, “Na wao walisikia kwa nani?”

Nikarudi kuwauliza. Wote walimtaja msusi mmoja wa Ngara, yule yule anayenisuka mimi. Nikaenda kwake na Mueni. Msusi alinishangaa.

“Dada, si ni wewe? Siku ile ulichelewa kuja kusukwa, ukatuambia viumbe wa angani walikubeba.”

Mueni alicheka, akanishika bega.

“Angalau chanzo tumekipata. Kesho tunakuhoji hewani.”