Mizinga ya Jangwani

Mjukuu wangu kaanika hema la turubai hapa London, na harufu yake imenirudisha jangwani, utotoni. Majina ya wote tuliosafiri garini siku zile ninayo, ila leo siyataji.

Tulilala hemani kando ya mto. Asubuhi baba akasema, “Leo makumbusho ya vita, mkaone mizinga.”

Mizinga niliyoijua mimi ni ya nyuki. Mdogo wangu alikuwa akikohoa vibaya, nikabeba bakuli la kumtilia asali.

Kufika huko, kumbe machuma marefu! Nikatega sikio, nisisikie nyuki hata mmoja.

“Baba, asali inatokea wapi?”

Mama akacheka. “Mjibu basi! Si wewe uliyekuwa ukiipiga mizinga hii vitani?”

Baba akanipapasa kichwa chote, taratibu. “Turudi mtoni, mwanangu. Jua kali.”

Hakuna aliyecheka tena, nami sikujua nimekosa nini.