Leodegar na Picha Iliyorudiwa

Asubuhi Mjomba Leodegar alikuwa hasemi na mtu. Alitoka chumbani na kikombe cha maji ya moto yenye chumvi na tangawizi, akachuchumaa uani karibu na ua wa makuti, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Ukimwamkia shikamoo aliinua mkono tu. Mpangaji mgeni akinung'unika kwamba mzee yule ana maringo, mama yangu alimwambia, "Si maringo. Sauti yake ndiyo jembe lake, na halimi asubuhi."

Hakuwa mjomba wangu wa damu. Alitoka Bukoba kama sisi, tukapanga nyumba moja hapa Temeke, basi mama akamwita kaka nami nikapata mjomba. Kazi yake ilikuwa kufasiri picha za sinema. Bwana Zoeb, Mhindi wa Kibohora mwenye duka la vyombo barabara ya Kilwa, alizungushia kiwanja mabati, akasimamisha kitambaa cheupe, na kila Jumamosi baada ya isha alionyesha picha za Bombei. Kihindi hatukijui. Mjomba Leodegar alisimama chini ya kitambaa, faneli kubwa ya bati mdomoni, akasema maneno ya kila mtu: ya bwana, ya bibi, ya mama mkwe, ya mwizi. Kihindi alikipata katika vita vya Hitla. Alipigwa risasi ya paja Burma, akalazwa India muda mrefu, na huko askari waliokuwa wanapona walipelekwa kutazama picha.

Picha aliyoipenda kuliko zote aliiona huko. Bwana Zoeb alipoileta Temeke, Mjomba aliifasiri mpaka shati likamganda. Ni habari ya mtu aliyesafiri mbali, akarudi kwake jioni moja, akachungulia dirishani, akajiona mwenyewe ndani, ameketi anakula na mkewe. Sura ile ile, sauti ile ile, hata kovu. Wote wawili wanakumbuka mambo yale yale. Mke hajui amshike yupi. Mwisho wanaingia wote chumbani, mlango unafungwa, halafu anatoka mmoja. Yupi? Picha haisemi. Kitambaa kinakuwa cheupe, mnarudi nyumbani na vichwa vyenu.

Temeke ikagawanyika. Wako waliosema mume wa kweli ni aliyerudi, wako waliosema ni aliyekuwamo. Wakajiita Warudi na Wakaaji, kama vile vyama vya ngoma ya beni, na kila upande ukatunga nyimbo za kuusuta mwingine, ukaziimba bombani, sokoni, hata kwenye harusi za watu. Mkubwa wa Wakaaji alikuwa jirani yetu Bwana Revelian, karani wa reli, naye ni mtu wa Bukoba. Wote walimwendea Mjomba awaamue.

"Mie nafasiri, sihukumu," aliwajibu.

Lakini sie wa nyumbani tulijua yuko upande gani. Vita vilipokuwa vinakwisha, kwao ilifika habari kwamba Leodegar amekufa. Wakalia matanga, wakanyoa nywele. Kibanja chake cha migomba akapewa mdogo wake, na mke akapewa huyo huyo. Kisha Leodegar akafika, anachechemea, amevaa koti la jeshi. Wazee walimkalisha wakamuuliza maswali. Akataja jina la ng'ombe wa utotoni, akataja nani alizikwa wapi. Baba yake mdogo akasema, "Mtu aliyelala hospitali kitanda jirani na Leodegar angeweza kuyajua yote hayo." Mama yake mzazi akampapasa uso kwa mikono miwili, akasema, "Unafanana naye sana." Mke alikuwa jikoni, hakutoka.

Mjomba hakugombana. Alishuka Dar es Salaam. Haya aliwahi kumsimulia mama mara moja, nami nilikuwa nachambua mchele pale pale, hawakunifukuza.

Basi mwaka ule Bwana Zoeb akatangaza kwamba picha ile imetengenezwa upya, waigizaji wapya, nyimbo mpya, na kwamba safari hii mwisho wake unajulikana. Temeke nzima ikachemka. Bwana Revelian, ambaye habari za Bukoba zilikuwa zikimfikia, alipita barazani kwetu akicheka.

"Leodegar! Jumamosi ndiyo tutajua kama wewe ni wewe!"

Mjomba naye akacheka, kwa meno tu.

Kila picha mpya ilianza kuonyeshwa mjini kabla ya kuja kwetu, naye alikwenda kuitazama ili maneno yasimpotee. Alirudi kwa miguu, akaketi uani, hakuvua viatu.

"Vipi kaka, picha?" mama akauliza.

"Nzuri."

"Nzuri, na uso huo?"

"Nzuri kweli, Mama Tekla. Sauti safi, unasikia mpaka mtu akimeza mate. Mwanamke wao mpya anaigiza kwa macho tu, yule wa zamani alikuwa akipiga kelele kama mnadi samaki. Na kuna kitu wameongeza. Yule aliyerudi wanamwambia aandike jina lake. Anaandika, akitazama, jina si lake. Mkono wake mwenyewe! Nilikishika kiti. Ile ya kwanza haikuwahi kunitisha hivyo."

"Kumbe wameipita."

"Wameipita." Akanyoosha ule mguu mbovu polepole. "Halafu wakaiua. Mwishoni anaingia daktari, koti jeupe, anasimama katikati ya chumba anaeleza. Anaeleza, anaeleza! Kwamba yule aliyerudi ni mgonjwa wa akili. Alilazwa hospitali pamoja na rafiki wa mwenye nyumba, akasikia habari za watu, akajitia ni zake. Wanamfunga kamba. Mke anaimba."

Mama aliacha kupepea jiko. Alijua, na mie nilijua, ya kitanda jirani.

"Ni picha tu, kaka."

"Picha tu. Ila maneno ya daktari atayasema nani? Mie. Kwa mdomo huu huu, Revelian ameketi mbele."

"Waambie unaumwa."

"Mara ngapi nitaumwa? Nimechoka tu, dada. Usingizi nalala, na kuchoka nimechoka."

Jumamosi mama na mie tulikuwa langoni mapema, tunauza karanga. Mjomba akamfuata Bwana Zoeb aliyekuwa anafunga waya wa taa.

"Bwana Zoeb, ikifika kwa daktari tuzime mashine."

"Tuzime? Watu wang'oe mabati yangu?"

"Ile ya zamani haikuwa na mwisho, na hawakung'oa."

"Ya zamani!" Bwana Zoeb akavua kofia yake ya zari, akajikuna. "Ndugu yangu, ile ya zamani mke wangu Roshanara aliitazama mjini, mwezi mzima akawa ananikodolea macho mezani kama mimi mwizi. Mtu anataka alale anajua nani ni nani. Ubaya uko wapi?"

"Ubaya hauko kwako."

"Basi yaseme, yakiisha yameisha. Maneno ya daktari hayo, si yako."

Hakusema vibaya. Angejua, labda angezima. Lakini Mjomba hakumweleza. Alichukua faneli yake akaenda kusimama mahali pake.

Kiwanja kilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya mapipa. Warudi kushoto, Wakaaji kulia. Na Mjomba alifasiri usiku ule kama sijawahi kumsikia. Dirishani, yule mtu alipojiona ndani, alishusha sauti ikawa kama inatoka chini ya ardhi: "Kama mimi niko pale, huyu aliyesimama nje ni nani?" Mama mmoja akamfunika mwanawe macho. Penye kuandika jina watu walisogea mbele kwenye mikeka. Bwana Revelian mwenyewe alishika kichwa.

Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia koti jeupe.

Daktari akaanza kusema. Mjomba akaweka faneli mdomoni.

"Daktari anasema..."

Akakohoa.

"Daktari anasema: mtu huyu..."

"Mtu huyu nini?" Bwana Revelian akapaza sauti. "Tupe, mzee! Usitubanie!"

"Sema!" Wakaaji wakapiga makofi. "Sema! Sema!"

Warudi nao wakaitikia, "Sema, Leodegar, tuwazike leo!" Wote walikuwa wanacheka. Hakuna aliyekusudia kumuumiza. Niliona shavu lake lililopigwa na mwanga wa picha, halitikisiki. Akaiteremsha faneli, akaiweka juu ya kiti, akaanza kuja kati ya watu, anachechemea, anaomba radhi kila mkeka anaoukanyaga. Walidhani ni mzaha wake wa kuwarusha roho, wakazidi kupiga makofi.

Alipofika langoni mama akasimama.

"Kaka, unakwenda wapi?"

"Napumua kidogo, Mama Tekla."

"Na hawa?"

"Wana macho."

Akatoka. Daktari aliendelea kusema juu ya kitambaa, mkono juu, mkono chini, na umati ule ulimtazama kinywa bila kuambulia neno. Kamba ikaletwa. Mke akaimba. Wakaaji wakashangilia wimbo, Warudi wakazomea, hakuna aliyejua kwa hakika ameshinda nini. Mama alimwekea Mjomba Leodegar nafasi kwenye mkeka wetu mpaka taa zikawaka. Hakurudi usiku ule, si kiwanjani wala nyumbani, na tangu siku ile hakurudi tena.