Mstari wa Thelathini na Saba

Tulimwita Bi Miraba, na jina hilo alilipata kwa haki. Kazi yake katika kituo chetu cha utafiti ilikuwa kulaza karatasi angavu yenye miraba midogo juu ya kidonda cha mgonjwa, kufuata ukingo wake kwa kalamu, kisha kukaa mezani na kuhesabu mraba mmoja mmoja. Mraba uliokatwa nusu aliuhesabu nusu. Ukimuuliza kidonda kimepungua kiasi gani, alikujibu, "Miraba sita, labda saba. Mkono wangu si mashine." Hiyo "labda" yake ilimkera sana daktari mkuu.

Mimi ni mtakwimu. Yeye alipima, mimi nilikokotoa, na ninaposimulia haya najionea kinyaa.

Tulikuwa tunajaribu dawa mpya ya kupaka kwa vidonda vya miguu vilivyokataa kupona. Wagonjwa walikuwa themanini: nusu walipaka dawa, nusu walifungwa bandeji ya kubana kama kawaida. Miongoni mwa waliopaka alikuwamo kaka yake Bi Miraba, fundi cherehani, mtu wa maneno mengi. "Mguu huu umesoma kuliko mimi," alikuwa akisema, "una namba yake kwenye kompyuta." Ndio mguu uliokanyaga pedali na kulisha nyumba. Mpasuaji alikuwa ameshamwonya kwamba kidonda kikizidi kupanuka, mguu utakatwa. Kwa hiyo swali la Bi Miraba lilikuwa moja tu: kaka aendelee na dawa au arudi kwenye bandeji?

Nilikokotoa. Hesabu yetu huuliza hivi: kama dawa haina tofauti yoyote na bandeji, bahati tupu ingeleta tofauti kubwa kama hii mara ngapi katika mia? Ikiwa chini ya mara tano, watu wanapiga makofi na ripoti inachapishwa. Nilipata thelathini na moja.

"Jaribu wanaume peke yao," alisema daktari, akivuta kiti.

Nikajaribu. Ishirini na mbili.

"Waliovuka miaka hamsini je? Haya, toa wenye sukari."

Tuliwachambua wagonjwa kama mchele. Baada ya mara ya kumi akaniambia nifute mstari wa thelathini na saba kwenye jedwali la wagonjwa, eti mgonjwa huyo hakufuata masharti. Alikuwa yule fundi cherehani, kaka yake Bi Miraba. Kidonda chake kilikuwa kimeongezeka miraba ishirini na minane, na hilo ndilo sharti pekee alilovunja. Mara ya kumi na moja nikapata nne nukta tisa.

"Imepita!" Daktari alinipiga bega, soda zikaletwa. Ukijaribu mara za kutosha, bahati tupu nayo itakuletea hiyo nne nukta tisa. Nilijua, nilisomea, na soda nikainywa. Kwenye ripoti majaribio yale kumi ya kwanza hayakutajwa hata kwa nusu neno.

Bi Miraba alinifuata koridoni. "Mwenzangu, niambie ukweli. Kaka aendelee kupaka?"

Jibu la kweli lilikuwa "hatujui". Ni neno la heshima katika kazi yetu, tena halina gharama. Lakini daktari alikuwa amesimama mlangoni, anatusikiliza.

"Aendelee," nikasema. "Ni chini ya tano."

"Labda?"

"Hakuna labda, dada."

Wiki saba baadaye aliingia ofisini, akaweka karatasi ya miraba mbele yangu. Juu palikuwa na tarehe na namba ya kaka yake. Chini hapakuwa na alama hata moja ya kalamu. Nilifurahi kama mpumbavu.

"Kimepona!"

"Wameukata jana," alisema. "Juu ya goti."

Daktari, ambaye alikuwa akiandaa ripoti ya pili, alisikia akaja na pole zake, pole sana dada, Mungu akupe nguvu. Kisha akaichukua karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Miraba mingapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mguu, daktari."

"Hilo nimesikia. Nauliza miraba."

"Sifuri."

"Basi mrudishe kwenye orodha, mstari wa thelathini na saba. Mpango wetu wa utafiti unasema miraba sifuri ni amepona."

Bi Miraba alimtazama, akanitazama na mimi, akangoja. Niliondoa mikono kwenye kibodi, nikaikunja kifuani.

Daktari hakubishana nami. Aliinama juu ya bega langu, akaiandika sifuri mwenyewe, kwa kidole kimoja.